Nani Kavua, Nani Kavuliwa

Kuna sentensi moja inayorudi kila msimu wa kaskazi, kwenye magazeti, kwenye kurasa za mahoteli, kwenye simu za marafiki: Fulani avua nduaro wa kilo mia mbili, Watamu. Juu yake kuna picha. Mgeni yuko katikati, mwekundu kwa jua, kidole gumba kimesimama. Pembeni kuna mkono. Umevaa glavu, umeushika mdomo wa samaki ule mrefu kama mkuki, na picha imekatwa palepale begani. Mwenye mkono hayupo. Nimezitazama picha hizi kwa miaka mingi kiasi kwamba siku hizi nikiiona moja naanza na mkono.

Nasema sentensi ile ni ya uongo. Sisemi hivyo kwa chuki ya wageni wala ya boti zao. Nasema kwa sarufi tu, ile tuliyofundishwa shule ya msingi. Anayevua ni mvuvi. Aliyekaa kitini akatafutiwa samaki, akatiliwa chambo, akapewa rodi mkononi samaki akiwa keshauma, huyo hakuvua. Huyo amevuliwa samaki, kama vile aliyepikiwa hakupika na aliyeandikiwa barua hakuandika. Kiswahili kina kauli ya kutendewa kwa ajili ya mambo kama haya. Halafu tazama mchezo wa neno lenyewe: kuvuliwa ni pia kuvuliwa nguo. Mteja kavuliwa samaki, nahodha kavuliwa jina. Kitenzi kimoja, siku moja, boti moja.

Najua wasomaji wa hapa ni watu wa vitabu, na pengine mnajiuliza samaki anatuhusu nini. Anatuhusu sana. Hili ni suala la nani anakuwa mtendaji wa sentensi, na sidhani kama fasihi ina suala jingine zito kuliko hilo.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu samaki mwenyewe. Marlini, kwa jina la wageni. Mabaharia wa pwani ya Kenya humwita nduaro, jina ambalo hupewa pia binamu yake mwenye tanga kubwa mgongoni. Wengine utawasikia wakisema sulisuli. Kuna mweusi, kuna wa buluu, kuna mwenye mistari. Boti za kukodi hazitoki sana kusi ikivuma, miezi ya katikati ya mwaka, maana bahari huchafuka. Zinaanza tena kuanzia Agosti hivi, na kaskazi ikiingia, Desemba mpaka Machi, ndiyo nduaro wanakuwa wengi na ndiyo mashindano yanapopamba moto, Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa, hadi Shimoni kwenye mkondo wa Pemba. Boti husajiliwa, timu hulipa kiingilio, saa ya kuanza hutangazwa kwa redio na saa ya kumaliza pia. Jioni kuna ubao wa alama, kuna vinywaji, kuna kikombe.

Msimu mmoja nilitumwa Watamu kuyaandikia gazeti mashindano hayo, nikapewa nafasi kwenye boti moja. Tulikuwa watano: nahodha, mabaharia wawili, mteja, na mimi mwenye daftari. Mteja alikuwa daktari wa meno kutoka Ulaya, mtu mpole, mwenye shukrani, na nataka hilo lieleweke kwa sababu ubaya ninaouzungumzia hauhitaji mtu mbaya. Nahodha alikuwa mzee aliyeanza kazi utotoni kwenye ngalawa ya babake. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniambia nikae upande wa kivuli nisishike kitu.

Kuanzia hapo mpaka saa tano asubuhi niliona kazi. Baharia mmoja alikuwa ameamka saa tisa usiku kushona chambo: sehewa anapasuliwa, anatolewa uti, ndoana inapitishwa, kisha anashonwa kwa uzi mpaka aogelee nyuma ya boti kama aliye hai. Asiposhonwa sawa atazunguka kama pia, na nduaro hatamsogelea. Mwenzake alikuwa akiangalia mafundo, moja baada ya jingine, kwa ulimi na kucha. Mzee alikuwa akisoma maji. Mto Sabaki ukijaa hutapika tope lake kwenye ghuba ya Malindi, na mahali maji ya kahawia yanapokutana na maji ya buluu panakuwa na mstari kama upindo wa kanga. Dagaa na vibua hujikusanya hapo, na wanaokula vibua huja nyuma yao. Mstari huo hauko mahali pamoja jana na leo. Mzee aliutafuta kwa macho, kisha akautazama mwelekeo wa ndege, kisha akauliza kitu kwa redio kwa mwenzake wa boti nyingine, kwa Kibajuni, kwa maneno matatu. Akageuza usukani. Mteja alikuwa amelala.

Kuvua kwa namna hii wazee wetu walikuita kurambaza: chombo kinakwenda, chambo kinakokotwa nyuma. Wanaorambaza kwa mashua na tanga wapo hata leo. Tofauti ni kwamba boti ya kukodi inakwenda maili saba, nane za baharini kwa saa, kwa injini mbili, na mishipi mitano au sita kwa pamoja, mingine ikining'inia kwenye fimbo ndefu zinazotoka ubavuni ili isisongamane. Kuipanga mishipi hiyo isinaswe, kila chambo kwenye wimbi lake, ni elimu. Hakuna chuo kinachoifundisha. Inafundishwa tezini, kwa kukaripiwa.

Nduaro alipokuja, aliyemwona wa kwanza ni baharia aliyeshona chambo. Aliona kivuli, kisha mdomo ukatoka majini nyuma ya chambo cha kushoto. Akapiga kelele. Mzee hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Mshipi ukachomoka, rili ikaanza kulia ule mlio ambao ukiusikia mara moja husahau, mabaharia wakakimbia kukusanya mishipi mingine, mteja akaamshwa, akafungwa mkanda kitini, akakabidhiwa rodi. Dakika arobaini zilizofuata alikuwa akivuta na kuzungusha, kwa jasho la kweli, sikatai. Lakini boti ilikuwa ikirudi kinyumenyume, ikigeuka, ikimfuata samaki kila alikokwenda, na moshi wa injini ukitupiga usoni. Mzee alikuwa amegeuza kichwa, anaangalia nyuma, mikono kwenye gia, akipigana na samaki kwa tani kadhaa za boti. Mteja alizungusha tu kile mzee alichompunguzia.

Mwishoni ikaja dakika ambayo hakuna picha inayoionyesha. Kipande cha mwisho cha mshipi, kinene kuliko vingine, kikatokea juu ya maji. Baharia akakishika kwa mikono yake miwili yenye glavu, akakizungusha kiganjani, na kwa muda huo uzito wote wa mnyama ulikuwa juu ya mikono ya mtu mmoja. Hapo ndipo mabaharia huvunjika vidole. Wapo, katika bahari mbalimbali za dunia, waliovutwa wakatoka nje ya boti kwa sababu mzunguko wa kiganjani ulikaza usifunguke. Mwenzake akamchoma samaki kidude chenye namba mgongoni, ndoana ikatolewa, wakamshika mdomo akivutwa taratibu ubavuni mwa boti mpaka akapata nguvu, wakamwachia. Picha ilipigwa hapo. Unajua tayari jinsi ilivyokatwa.

Sasa njoo kwenye kanuni, maana ndiko uongo ulikopigwa muhuri. Uvuvi wa mchezo duniani hufuata kanuni za shirika liitwalo IGFA, lililoanzishwa Marekani mwaka 1939. Kanuni yao ya msingi ni kwamba tangu samaki aume, mtu mwingine asiguse rodi, rili wala mshipi. Akigusa, samaki hahesabiwi. Yaani mkono wa baharia ni najisi, unabatilisha. Lakini kwenye mashindano ya kuachia samaki, na siku hizi mengi ni ya namna hiyo, samaki huhesabiwa amekamatwa pale baharia anapokishika kile kipande cha mwisho au kinapofika ncha ya rodi. Soma tena polepole. Mkono uleule uliokatazwa kwa dakika arobaini ndio unaosubiriwa ili samaki awe samaki. Ukishagusa, redio inatangaza alama, na alama zinaandikwa kwa jina la aliyekaa.

Hizo ni kanuni za mchezo na kila mchezo una zake, sina ugomvi nazo. Wameamua kushindana katika kuzungusha rili, washindane. Ugomvi wangu ni na sisi waandishi, tuliochukua kanuni ya mchezo tukaifanya kuwa masimulizi. Kanuni inasema nani apewe alama. Haisemi nani alivua. Hilo tumelisema sisi.

Nikituma picha yangu gazetini niliandika maelezo yenye majina matatu: la mzee, la baharia aliyeshika mshipi, la daktari. Asubuhi likatoka moja. Nikampigia mhariri. Akaniambia msomaji hamjui kapteni. Nikamuuliza, kwani anamjua daktari wa meno? Akacheka, akasema nafasi ilikuwa ndogo. Hapa kwenyewe simtaji mzee kwa sababu nyingine: nilipomwambia naandika makala hii alinisihi nisiweke jina lake. Kutajwa kwenye picha ya ushindi ni heshima, kutajwa kwenye makala ya ugomvi ni kukosa boti msimu ujao. Mwenye boti si yeye.

Watu wa fasihi wakifika hapa hunitajia Hemingway, na huwa nasubiri wamtaje, maana nadhani wamemsoma vibaya. Mwamerika huyu hatuhusu kwa mbali tu. Mwaka 1934, baada ya kuwinda Tanganyika, alishuka Malindi kuvua. Aliporudi Marekani mwaka huohuo akaagiza boti yake mwenyewe, Pilar. Mwaka 1954 alirudi pwani yetu, safari hii Shimoni, kwenye kambi ya uvuvi, akiwa ameumia vibaya baada ya ajali mbili za ndege Uganda zilizofuatana kwa siku moja. Hapo Shimoni akaungua tena kwenye moto wa kichaka. Mwishoni mwa mwaka huo akapewa Nobeli. Alikuwa mmoja wa makamu wa rais wa IGFA, shirika lilelile la kanuni. Kwa maneno mengine huyu ndiye mteja mkuu, mteja wa wateja. Kila hoteli yenye marlini ukutani hupenda kumtaja.

Basi huyu mteja alipokaa chini kuandika kitabu kikubwa kuhusu nduaro, kile kilichotoka 1952 na ambacho kwa Kiswahili tunakijua kwa jina Mzee na Bahari, alifanya jambo moja ambalo wahakiki wetu hawalitaji: alimtoa mteja kwenye boti. Alimtupa nje. Akabaki nahodha, baharia na mshika mshipi, wote ndani ya mwili mmoja wa mzee maskini anayeitwa Santiago, na kitoto kilichobaki ufukweni. Santiago anasoma maji mwenyewe, anatia chambo mwenyewe, anashika mshipi kwa mikono mitupu mpaka mikono inachanika. Hana rodi. Hana rili. Hana kiti.

Na sasa mpeleke Santiago Watamu, Januari, umsajili kwenye mashindano. Samaki wake hahesabiwi! Alitumia mshipi wa mkono, kanuni zinataka rodi. Alirudi na samaki aliyeliwa na papa, na kanuni zinasema samaki aliyejeruhiwa na papa kabla ya kutolewa majini hafai. Makamu wa rais wa IGFA alijua kanuni hizo vizuri kuliko mimi na wewe. Alijua kwamba mvuvi mkubwa kuliko wote aliyemtunga asingepata hata alama moja kwenye ubao wa jioni. Sidhani ilikuwa bahati mbaya. Kisa chenyewe, cha mzee aliyevutwa na nduaro mpaka bahari kuu akala hasara kwa papa, alikuwa amekwisha kukisimulia kwa ufupi kwenye jarida la Esquire mwaka 1936. Kilikaa naye miaka kumi na mitano. Katika miaka hiyo yote alikuwa akikalia kiti cha kuvulia samaki huku watu wengine wakimtafutia samaki. Alijua fika nani ni mvuvi.

Kumbuka pia kurasa za mwisho. Watalii wapo kitabuni, usidhani hawapo. Wanatokea mwishoni kabisa, wamekaa mgahawani, wanaona mifupa inaelea na takataka, wanauliza, mhudumu anajaribu kueleza, nao wanaelewa kinyume kabisa. Hiyo ndiyo nafasi aliyowapa.

Lakini sisi tumekisoma vipi? Fungua uhakiki wowote, hata ule unaochapishwa na watu ninaowaheshimu. Utaambiwa bahari ni maisha, samaki ni ndoto, papa ni walimwengu, Santiago ni binadamu asiyeshindwa. Kila kitu ni kitu kingine. Hakuna anayesema kwamba Santiago ni mvuvi, kwamba anajua kazi, na kwamba kitabu kizima ni maelezo ya kazi. Tukamfanya mfano wa binadamu wote ili tusilazimike kumtafuta mmoja mwenye jina pale Mtwapa. Gregorio Fuentes, aliyeiendesha Pilar miaka mingi na kufariki Cuba mwaka 2002 akiwa na miaka 104, alifuatwa na watalii na waandishi kwa miongo, na swali lao kuu lilikuwa moja: je, wewe ndiye Santiago? Mtu aliyeishi karne nzima na bahari, anaulizwa kama yeye ni mhusika wa kubuni.

Filamu ya 1958 ilikwenda mbali zaidi. Walihitaji nduaro wa kweli, wakatumia picha za Alfred Glassell, yule tajiri wa Texas aliyeweka rekodi ya nduaro mweusi huko Cabo Blanco, Peru, mwaka 1953: kilo 707, na rekodi haijavunjwa mpaka leo. Kwa hiyo unapomwona Spencer Tracy akihangaika kwenye kimtumbwi, samaki anayeruka ni wa mteja, wa rodi na rili na kiti. Mteja aliyetupwa nje na kitabu amerudishwa kupitia dirishani. Ndivyo na sisi tunavyofanya na maelezo ya picha zetu.

Nitajibiwa. Nimekwisha kujibiwa mara nyingi, kwa hiyo najua majibu.

La kwanza ni kwamba mteja ndiye anayelipa, na mgeni njoo mwenyeji apone. Sawa. Alipe. Anayelipia harusi hatumwiti bwana harusi. Fedha zinanunua siku, mafuta, boti, chakula cha mchana. Zinanunua hata raha ya kuvuta. Hazinunui kitenzi.

La pili ni la mazingira, nalo nalipa uzito. Wanasema boti hizi zimeacha kuua, zinawapachika nduaro alama na kuwaachia, na kwa zaidi ya miaka thelathini taarifa hizo za pwani ya Kenya zimesaidia wanasayansi kujua samaki huenda wapi. Kweli tupu. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi imekuwa ikisema kwa miaka kwamba nduaro mwenye mistari anavuliwa kupita kiasi, na wanaommaliza si boti za kukodi. Ni nyavu za kuning'inia na mishipi mirefu ya meli kubwa. Hivyo sisemi mashindano yafungwe. Nasema hivi: aliyeichoma ile namba mgongoni ni nani? Aliyekadiria uzito kwa jicho samaki akiwa bado majini ni nani? Baharia. Sayansi nzima hiyo imesimama juu ya jicho lake. Ni msaidizi wa utafiti asiyeandikwa, na kama ungekuwa utafiti wa chuo kikuu tungekuwa tumeshapiga kelele.

La tatu ndilo linaloniudhi, kwa sababu huletwa na wenzetu: kwamba mabaharia wenyewe hawajali, wanataka bakshishi, hawataki sifa. Nani aliwauliza? Mzee wangu ana bahasha ya picha alizopewa na wateja tangu enzi za filamu. Amenionyesha. Nyuma ya kila moja ameandika kwa kalamu tarehe, aina ya samaki, mahali, na jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wa madrasa. Mtu asiyejali jina lake halifanyi hivyo. Huyo ana kumbukumbu kamili ya kazi yake, na ameihifadhi nyuma ya picha za watu wengine kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Wala si suala la heshima tupu. Daktari akirudi kwao ana cheti chenye tarehe na uzito. Mzee akitaka kuhamia boti nyingine, au akitaka mkopo anunue yake, ataonyesha nini? Miaka yake yote imeandikwa kwa majina ya watu walioshinda humo siku moja moja. Akiugua, hakuna karatasi inayosema huyu ni mmoja wa manahodha waliokuta nduaro wengi katika bahari hii. Kuna maneno ya wenzake tu, na wenzake nao wanazeeka.

Wakati huohuo, hatua chache kutoka gati la boti za kukodi, mashua inaweza kuingia na nduaro aliyenaswa kwa mshipi wa mkono au jarife. Anapimwa kwenye mzani wa BMU, anaandikwa kwenye daftari kwa kilo, anakatwa vipande, anauzwa. Aliyemleta anaitwa mvuvi mdogo. Mdogo! Samaki ni yuleyule, pengine mkubwa kuliko wa asubuhi. Kwenye ripoti za serikali na za wafadhili hilo ni jina la kazi yake, na sisi waandishi tunalinakili bila kufikiri, kisha tunakwenda upande wa pili wa ufukwe kuandika kuhusu mgeni mmoja kwamba ni mvuvi mahiri.

Tunazo kazi zilizojaribu kuiona bahari kutoka upande wa wanaoiishi. Yvonne Adhiambo Owuor, kwenye The Dragonfly Sea ya 2019, alikwenda mpaka Pate na akawapa watu wa huko elimu ya bahari yenye uzito wa elimu nyingine yoyote. Lakini ni riwaya ya Kiingereza, na sisi tulio na maneno yenyewe, tezi na omo, kurambaza, jarife, kaskazi na kusi, tunayatumia kwenye mashairi ya mapenzi. Mvuvi katika ushairi wetu ni mpenzi anayetega, ndoana ni jicho la mwanamke. Mazuri, nayapenda. Ila sijui ni lini mara ya mwisho nimesoma kwa Kiswahili ukurasa mmoja unaonieleza jinsi sehewa anavyoshonwa ili aogelee akiwa amekufa, na mtu anayejua yupo, ana simu, na usiku wa kuamkia mashindano yuko macho saa tisa.

Kaskazi inaanza Desemba, na nitatumwa tena, maana mhariri wangu ana kumbukumbu fupi. Picha nitakayompelekea itakuwa na majina matatu: la nahodha la kwanza, la baharia la pili, la mteja la tatu. Nafasi ikiwa ndogo akate moja, sitalalamika. Magazeti hukata kuanzia chini.